Guni, futi na kabari: vifaa vya kuanzia kazi ndogo za mbao

Jirani yangu hapa Majengo, Moshi, ni mwalimu. Juzi alinijia na mfuko mzito: keekee ya umeme, randa ya umeme, misumeno miwili. Anataka kutengeneza vigoda vinne na rafu ya vitabu. Nikamuuliza, "Mwalimu, ubao utaushikiza na nini?" Akanyanyua mguu wa kulia, akacheka. Nami nilianza hivyohivyo, nikikanyaga ubao juu ya tofali, kwa hiyo sikumcheka sana. Huu ndio mpango tuliofuata.

Hatua ya 1: Mbao

Moja kwa nane (unene inchi 1, upana inchi 8), grevilea au saipresi, kavu. Wakati wa masika usinunue mbao zilizolala nje hata kama muuzaji anaapa.

Hatua ya 2: Futi

Yaani ule utepe wa kupimia. Wa mita 3 unatosha. Kile kiulimi cha chuma kilicho mwanzoni lazima kicheze kidogo. Hakijaharibika! Kinacheza kiasi cha unene wake wenyewe, ili ukikivuta kutoka ukingoni au ukikisukumia ndani ya kona upate kipimo kilekile. Kijana wangu wa kwanza wa kazi aliona kinalegea, akakigongelea ribiti kikakaza. Alidhani ananisaidia, na ile futi sasa inapimia mapazia.

Tena, kazi moja ifanye kwa futi moja. Mimi hata hiyo naitumia mara chache: nikishakata kipande cha kwanza, vingine vyote navipimia kwake.

Hatua ya 3: Guni

Ni kile kifaa chenye umbo la L cha kupimia pembe mraba. Hapa ndipo niliumia, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka wa pili wa kazi nilitengeneza kabati la jikoni lenye milango miwili. Milango ikakataa kukutana: juu inagusana, chini unapitisha kidole. Nikaranda mlango wa kushoto, nikaranda wa kulia, nikahamisha bawaba. Siku mbili zikaisha. Siku ya tatu mzee mmoja fundi alipita, akachukua guni yangu, akachora mistari miwili kwenye kipande cha ubao, akaniwekea mkononi bila kusema neno. Guni ilikuwa mpya kabisa ya dukani, na ilikuwa imepinda.

Alichofanya ni hiki. Tafuta ubao wenye ukingo ulionyooka kweli. Kuujua, chora mstari kwa kuufuata ukingo huo juu ya kitu bapa, kisha ugeuze ubao upande wa pili wa mstari: ukiona mwanya katikati au ncha zimeachana, ukingo huo haufai. Safisha guni, maana tone la gundi kavu kwenye mpini linatosha kukudanganya. Bana mpini kwenye ukingo, uelekee kulia, uchore mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri. Sasa geuza guni, mpini uelekee kushoto, uanzie palepale, chora tena. Mistari ikilaliana, guni ni nzima. Ikiachana kama mdomo wa kifaranga, ina kasoro.

Angalizo: upana wa ule mdomo ni kosa mara mbili. Ukiwa milimita 2 kwenye mstari wa sentimita 20, guni imekosea milimita 1. Unasema ni ndogo? Kwenye rafu ya sentimita 80 hiyo ni milimita 4, na ukuta wa nyumba yako utaisema kila ukipita.

Angalizo la pili: pima upande wa ndani na wa nje kila mmoja peke yake. Unaweza kukuta mmoja uko sawa lakini mwingine hapana.

Ikiwa ni guni kubwa ya chuma kitupu, hutupi. Tazama mstari uliochora mpini ukiwa kulia. Ukilalia kulia, pembe imebana: gonga sentapanchi (kile chuma chenye ncha cha kutia alama) karibu na kona ya ndani, chuma kitatanuka na pembe itafunguka. Ukilalia kushoto, gonga karibu na kona ya nje. Gonga mara moja, pima, gonga tena. Ile yenye mpini wa mbao isahihishe kwa tupa, taratibu. Lakini ushauri wangu ni kwenda dukani na kipande cha ubao na penseli, upimie hapohapo. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Guni ya mwalimu? Ilikuwa mbovu. Tulirudi naye dukani.

Hatua ya 4: Kuchora

Penseli kwa kuanzia, kisu kwa viungo. Kisu kipitishe kwanza kwa wepesi, ndipo ukandamize. Ukianza kwa nguvu kitafuata nyuzi za mbao badala ya guni.

Hatua ya 5: Kushikiza

Jiriwa, ile ya kubania kazi mezani, ni nzuri, lakini isubiri. Nunua klampu za G mbili, vile vibanio vya chuma vyenye umbo la herufi G. Moja haikusaidii, ubao unazunguka. Kwa kukatia, tengeneza kizuizi: kipande cha ubao, kijiti kimoja chini kinachokamata ukingo wa meza, kingine juu unachosukumia kazi. Dakika 20 umemaliza.

Kwa kuunganisha mbao kwa gundi sinunui klampu ndefu. Nafunga vijiti viwili kwa skrubu juu ya ubao mpana, naweka kazi katikati, kisha nagonga kabari mbili (vipande vya mbao vilivyochongwa vyembamba upande mmoja) zinazopingana pembeni mwake. Zinabana kuliko unavyodhani, kwa hiyo acha kugonga mara gundi ikianza kuchuruzika kidogo. Tandika karatasi ya nailoni chini, la sivyo utagundisha na ubao wa chini. Miguu ya kigoda nafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko minne au mitano.

Hatua ya 6: Kabla gundi haijakauka

Pima ulalo, yaani kona hadi kona kwa mshazari, njia zote mbili. Zisipolingana, bana ule ulalo mrefu hadi zilingane. Kisha usiguse hadi kesho, na asubuhi za Julai hapa Moshi ongeza saa kadhaa. Mwalimu aligusa cha kwanza jioni ileile. Kigoda hicho kinayumba, na amekipeleka darasani kiwe cha mtoto anayechelewa.