Jinsi ya kupinga uamuzi wa halmashauri kuhusu makazi nchini England

Somo hili ni la waliokosa makazi na kuomba msaada wa halmashauri, na ni la England pekee, kwa kuwa Scotland na Wales zina sheria zake. Msingi wake ni Sheria ya Nyumba ya mwaka 1996, iliyorekebishwa kwa mabadiliko yaliyoanza kutumika Aprili 2018.

Hatua ya kwanza ni kudai barua. Ofisa wa dirishani anayekwambia kwa mdomo kwamba huna haki ya kusaidiwa hajatimiza sheria, kwani uamuzi wa kukunyima haki hiyo lazima uandikwe, utoe sababu na ueleze kwamba unaweza kuomba upitiwe upya. Wengi huondoka wakiamini wamekataliwa, kumbe ombi lao halijaamuliwa.

Hatua ya pili ni kuomba mapitio ndani ya siku 21 tangu ulipoarifiwa. Sentensi moja inatosha: "Ninaomba mapitio ya uamuzi huu chini ya kifungu cha 202." Hoja zitafuata baadaye. Tuma kwa baruapepe ili ubaki na ushahidi, na katika ujumbe huohuo omba uendelee kupewa malazi wakati mapitio yakiendelea. Halmashauri hailazimiki kukubali ombi hilo la malazi, ila inalazimika kulipima kwa haki. Ikikataa, mtafute wakili siku hiyohiyo.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua mengi. Omba nakala ya faili lako, kisha tazama ni kigezo gani hasa ulichoshindwa: hadhi yako ya uhamiaji, kama kweli huna makazi, kama una uhitaji wa kipaumbele (yaani hali, kama vile ugonjwa, inayokutanguliza katika kusaidiwa), kama ulijitakia kupoteza nyumba, au uhusiano wako na eneo hilo. Jibu kigezo hicho, usisimulie maisha yako yote. Ikiwa wamesema ugonjwa wako hautoshi kukupa kipaumbele, kumbuka kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kuwa mwombaji alinganishwe na mtu wa kawaida ambaye naye angekosa makazi, wala si na watu ambao tayari wanalala mitaani. Kwa hiyo barua ya daktari isiishie kutaja ugonjwa. Ieleze utakavyokudhuru zaidi ukikosa nyumba.

Mapitio hufanywa na ofisa wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika mwanzo, na kwa kawaida huchukua hadi wiki nane. Ukishindwa, una siku 21 za kukata rufaa katika mahakama ya kaunti, lakini kwa hoja za kisheria tu. Msaada wa kisheria wa serikali upo kwa wenye kipato kidogo.

Maswali ya wanachama

Nimepewa nyumba katika mji wa mbali na shule ya watoto. Nikatae?

Hapana, dada. Ikiwa ni ofa ya kutimiza wajibu mkuu wa halmashauri, yaani ule wa kukupatia makazi na si malazi ya dharura tu, ikubali na uombe mapitio kwa wakati mmoja. Sheria inaruhusu yote mawili, ilhali anayekataa anaweza kupoteza kila kitu. Mwaka 2015 mama wa watoto watano aliyetakiwa na halmashauri ya Westminster, London, kuhamia karibu na Milton Keynes alishinda katika Mahakama ya Juu, lakini alikuwa amekataa ofa, na njia aliyopita ilikuwa ngumu mno. Malazi ya dharura ya mwanzoni hayana mapitio ya kifungu cha 202. Hayo hupingwa kwa wakili kuomba mahakama ichunguze.

Siku 21 zimepita. Nifanyeje?

Andika leo ukieleza kilichokuchelewesha, kwa kuwa halmashauri ina uwezo wa kuongeza muda. Hali yako ikiwa imebadilika, unaweza pia kuwasilisha ombi jipya.

Viza yangu hainiruhusu kupokea misaada ya umma, na nina mtoto mchanga.

Mlango wa idara ya nyumba huenda ukafungwa, ndugu, ila idara ya ustawi wa watoto ya halmashauri hiyohiyo inaweza kusaidia familia yako chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 1989. Omba tathmini ya mahitaji ya mtoto kwa maandishi, na umwone kwanza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.