Namna ya Kuwafuatilia Mababu Wasioonekana Katika Kumbukumbu za Ukoo

Kabla ya kwenda kwenye hifadhi yoyote ya nyaraka, keti na wazee wa ukoo walio hai, uwasikilize bila haraka na uandike maneno yao kama wanavyoyatamka, pamoja na majina ya utani, majina ya mahali na habari za nani alimlea nani. Kisha anza na mtu ambaye una hakika naye na urudi nyuma kizazi kimoja baada ya kingine, kwa maana anayeruka kizazi huishia kufuatilia ukoo wa watu wengine.

Ukikwama, acha kwanza kumtafuta mhusika mwenyewe, uwatafute waliomzunguka. Hapa ndipo mafundo mengi hufunguka. Chukua mfano wa hati ya ndoa isiyotaja baba wa bibi harusi: mstari wa jina la baba ni mtupu, lakini chini kabisa, penye sahihi za mashahidi, kuna mwanamume mwenye ubini uleule wa bibi harusi. Huenda ni kaka yake. Mfuatilie huyo, kwa sababu cheti chake cha kifo au rejista ya ubatizo wake vinaweza kuwataja wazazi ambao hati ya dada yake imewanyamazia. Wakague hivyohivyo wasimamizi wa ubatizo, majirani katika daftari la sensa na waliorithi kwa wosia, kwani ni nadra mtu kumwita mgeni asiyemfahamu asimame naye siku kama hizo.

Usiamini sana tahajia wala umri. Karani aliandika jina kama alivyolisikia, kwa hiyo orodhesha kila namna linavyoweza kuandikwa, na pale ubini unapokataa, tafuta kwa jina la kwanza, mahali na mwaka wa kuzaliwa peke yake. Mwanamke aliyeandikwa kuwa na miaka 28 katika sensa moja anaweza kuonekana na miaka 35 katika sensa iliyofuata miaka kumi baadaye, naye ni yuleyule.

Jambo jingine ni kujua kama kumbukumbu unayoitafuta iliwahi kuwapo, au kama bado ipo. Uingereza, uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika England na Wales ulianza Julai 1837, na kabla ya hapo tegemeo kuu ni rejista za parokia. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika kufuatia moto uliotokea Washington mwaka 1921, na mwaka uliofuata kumbukumbu nyingi za Ireland ziliteketea mjini Dublin. Penye pengo la namna hiyo, geukia orodha za walipa kodi, hati za ardhi, mashauri ya mahakama na mawe ya makaburi.

Andika pia mahali ulipotafuta ukakosa, usije ukarudia kazi ileile mwakani. Na ukimpata mtu mwenye jina linalofanana, mweke kwenye mti wa ukoo kwa kalamu ya risasi, pembeni ukiandika "huenda", mpaka kumbukumbu ya pili, isiyotokana na ile ya kwanza, imthibitishe.