Kutafuta kijito cha trauti Mlima Kenya na Nyandarua

Wageni ninaowapeleka kuvua huniuliza kwanza habari za mto Gura, kule Nyandarua. Siwalaumu. Ndiko mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alikopandikiza trauti wa kwanza nchini mwaka 1905, samaki wa maji baridi wenye asili ya ziwa la Loch Leven kule Uskoti. Lakini siku zangu nzuri zimepitia kwenye vijito unavyoweza kuviruka ukijitahidi kidogo, vingine havina hata jina kwenye ramani. Hivi ndivyo ninavyovitafuta.

Hatua ya 1: Anzia mezani

Tafuta ramani ya topografia ya 1:50,000. Kwenye ramani hiyo sentimita mbili ni kilomita moja. Soma pembeni kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko, zimeachana mita ngapi. Kwenye zangu ni mita 20. Sasa fuata mstari wa kijito ndani ya msitu, uhesabu kontua zinazokikata katika kila sentimita mbili. Mbili hadi nne zanitosha: maji yana kasi ya kuingiza hewa, na bado yana mahali pa kutulia. Zikifika kumi, hapo ni ngazi za mawe na maporomoko, utapanda kuliko utakavyovua.

Weka alama kila penye maporomoko makubwa. Trauti hawakuwa wa kwetu, waliletwa na kumwagwa mahali fulani fulani. Maporomoko marefu hawayapandi, kwa hiyo juu yake huenda hakuna samaki kabisa, hata kama maji ni mazuri namna gani. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima hivyo.

Kisha fungua picha za setilaiti uangalie kati ya mashamba na mianzi. Msitu ukifunika kijito hadi huwezi kuona maji, hiyo ni dalili njema: kivuli huyaweka baridi.

Hatua ya 2: Uliza kabla hujaenda

Leseni ya kuvua na ruhusa ya kuingia msituni au mbugani ni vya lazima, usisubiri ushikwe. Na ukiwa kwenye ofisi ya msitu, zungumza na askari na skauti. Usiwaulize “samaki wako wapi?” Waulize ni kijito kipi hakikauki Februari. Upande wa magharibi wa Mlima Kenya, mito kama Naro Moru na Burguret hupungua mno kiangazi ikishatoka msituni, kwa kuwa maji huchukuliwa kumwagilia mashamba. Mwaka mmoja nilitembea saa mbili kufuata mstari wa buluu nikakuta mawe makavu na bomba la inchi sita. Siku hizi naanzia juu ya mahali maji yanapochukuliwa.

Mwombe askari mwenye bunduki akusindikize. Nyati aliyelala kwenye mianzi humwoni mpaka umemfikia.

Hatua ya 3: Pima joto la maji

Hapa ndipo mambo yanapoamuliwa. Beba kipimajoto, kifunge kwa uzi, kitumbukize kivulini kwa dakika mbili. Pima saa nane mchana siku ya jua, maana asubuhi kila kijito cha mlimani ni baridi na kitakudanganya. Nyuzi 10 hadi 16, fungua mkoba. Ikiwa 18, endelea kupanda. Ikizidi 20 wacha samaki wapumue: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na trauti aliyepigana na ndoano humo anaweza kufa hata ukimrudisha.

Hatua ya 4: Geuza mawe

Chagua mahali maji yanapopita kwa povu juu ya mawe ya ukubwa wa kichwa. Inua moja, tazama upande wa chini. Ninachotafuta ni vidudu bapa vyenye mikia mitatu, vinavyokimbia kiubavu kujificha, na vile vijumba vidogo vya mchanga vilivyogandishwa kwenye jiwe, kila kimoja kina mdudu wake ndani. Ukipata mawe matano hivyo, chakula kipo. Ukikuta jiwe limefunikwa tope laini na minyoo myekundu tu, juu huko kuna shamba au njia ya ng'ombe inayomwaga udongo. Ondoka. Rudisha jiwe lilivyokuwa, ni nyumba ya watu.

Hatua ya 5: Tazama kabla ya kurusha

Trauti husimama akielekea maji yanakotoka, kwa hiyo panda kijito ukitokea nyuma yake. Tembea polepole, kishindo cha buti hufika kabla yako. Nikifika kwenye kidimbwi kinachofika kiunoni napiga magoti nyuma ya mti, nahesabu hadi mia mbili bila kugusa fimbo ya kuvulia. Mara nyingi kwenye sabini hivi kivuli kimoja kinasogea kando ya jiwe, kinameza kitu, kinarudi palepale. Vidimbwi vitatu vya namna hiyo ndani ya nusu kilomita, naweka alama kwenye ramani kwa penseli. Jina la kijito simwambii mtu.

Jambo moja la usalama: mvua ya mlimani hunyesha mbali nawe. Maji yakianza kugeuka rangi ya chai huku jua linakuwakia kichwani, kunja fimbo na uvuke upande uliko njia yako mapema, kabla mawe uliyokanyagia hayajafunikwa.