Vipande vya vitenge: mkoba wa viraka
Dada zangu washonaji wa Kadutu, hapa Bukavu, vipande vinavyobaki chini ya cherehani ni mali. Vioshe vyote kwanza: kitenge kipya husinyaa, kingine huchuja rangi, na usipoviosha, mkoba uliokwisha kushonwa utakunjamana. Kata miraba ya sentimita 12, sentimita 1 ya kila upande ikiwa ya mshono. Usichanganye pamba na kitambaa kinachovutika. Kisha piga pasi kila mshono kabla ya kushona unaofuata (pasi ya makaa inatosha kabisa). Uzuri wote uko hapo. Kati ya viraka na bitana (kitambaa cha ndani) weka jinzi kuukuu. Mikanda iingie ndani sentimita 4, ishonwe mraba wenye msalaba katikati. Mteja akileta kipande cha kitenge cha harusi yake, kiweke mbele.