Namba kamili katika NumPy: panua aina kabla ya kuzidisha

Fungua Python yenye NumPy, maktaba yake ya kuhesabu safu za namba, kisha andika mistari hii. Ni mauzo ya saruji: idadi ya mifuko, na bei ya mfuko kwa shilingi.

import numpy as np
mifuko = np.array([150000, 300000], dtype=np.int32)
bei = np.array([20000, 20000], dtype=np.int32)
print(mifuko * bei)

Jibu: [-1294967296 1705032704]. Hakuna onyo lolote. Namba kamili ya biti 32 (int32) inaishia 2,147,483,647. Ikizidi hapo, inazunguka na kuanzia upande wa hasi. Jibu la kwanza utalishtukia mwenyewe, maana mauzo hayawi hasi. Ninaloliogopa mimi ni la pili. Bilioni 6 zimegeuka bilioni 1.7, na ripoti inapita mezani bila mtu kuuliza.

Hatua ya 1. Kagua aina kwanza: print(mifuko.dtype). Usikisie. Kabla ya NumPy 2.0 ya mwaka 2024, namba kamili kwenye Windows zilikuwa za biti 32 usipotaja aina, wakati Linux ya biti 64 ilitoa 64. Msimbo uleule, majibu mawili.

Hatua ya 2. Panua kabla ya kuzidisha:

mifuko.astype(np.int64) * bei

Ukiandika (mifuko * bei).astype(np.int64) umechelewa, kilichopotea hakirudi. Wala usidanganywe na np.sum(): yenyewe hupanua int32 ikijumlisha (isipokuwa kwenye Windows kabla ya NumPy 2.0), lakini alama ya * haifanyi hivyo.

Hatua ya 3. Usichanganye int64 na uint64 (biti 64 zisizo na hasi). Hakuna namba kamili ya biti 64 inayozibeba zote mbili, kwa hiyo NumPy hukimbilia float64, aina ya namba za desimali, ambayo huanza kupoteza namba kamili baada ya 9,007,199,254,740,992. Namba ya risiti yenye tarakimu 16 inayoishia na 3 inaweza kurudi ikiishia na 2.

Hatua ya 4. Ukihamia Octave, programu nyingine ya hesabu, anza upya kupima. Huko int32(150000)*int32(20000) hutoa 2147483647, yaani namba hugota kwenye kikomo badala ya kuzunguka. Na int32(7)/int32(2) ni 4, kwa sababu hukadiria kwenda namba iliyo karibu. Python 3 kwa 7/2 hutoa 3.5, na kwa 7//2 hutoa 3. Kwa hesabu za fedha mimi huandika // pale tu ninapojua salio linakwenda wapi, nalo nalitoa kwa % kwenye mstari unaofuata.