Usisubiri jua kali kuchapa picha za buluu

Wenzangu mnaochapa sainotaipu (picha za buluu zinazotokea karatasi iliyopakwa dawa ikianikwa juani) hapa Nairobi, baridi ya Julai isiwafanye mfungie karatasi kabatini. Kinachochapa ni miale ya jua ya urujuanimno (UV), si joto, na miale hiyo hupenya mawingu. Kazi ya dakika 5 Januari inaweza kula nusu saa, basi.

Na kwa picha dhahania, huo muda mrefu ndio utamu wenyewe. Mtaalamu wa mimea Anna Atkins alipolaza mwani juu ya karatasi hizi Uingereza mwaka 1843, alitaka umbo halisi la mmea. Sisi tunataka umbo lipotee. Mimi hunyunyizia karatasi iliyopakwa dawa matone ya maji na siki kidogo, naweka povu juu, halafu chupa ya plastiki ya maji iliyopondwa. Povu likipasuka polepole, viputo huacha viduara vyembamba kama magamba ya samaki. Chupa naisogeza kidogo kila dakika 10.

Povu liwe la sabuni ya vyombo. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi, na magadi hufifisha buluu.

Suuza mpaka umanjano uishe. Ikionekana imepauka usiitupe, hukolea ikishakauka.