Namna ya Kutazama Wanyama Tarangire Wakati wa Kiangazi

Hatua ya kwanza ni kuchagua majira. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, huwa na wanyama wengi zaidi kati ya Julai na Oktoba, kwa kuwa malambo ya nje hukauka na tembo, nyumbu na pundamilia hukusanyika kandokando ya Mto Tarangire. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wengi huondoka kuelekea nyanda za Simanjiro.

Pili, ondoka Arusha, umbali wa takriban kilomita 120, kabla hakujapambazuka, au afadhali ulale jirani na lango. Usivae nguo nyeusi wala za bluu iliyokoza, kwani rangi hizo huwavuta mbung'o, nao wa huku huuma hata juu ya shati.

Tatu, nenda moja kwa moja mtoni, tafuta mahali palipoinuka panapotazama mchanga, kisha uzime injini na usubiri. Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu madereva wengi hukimbilia kila simba anayetajwa kwenye redio na kuwapita tembo wanaochimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yachuruzike shimoni. Tembo wakishakunywa na kuondoka, nyani, ngiri na ndege hujongea kunywa palepale, na anayewavizia huenda yuko karibu.

Nne, watazame wanaotazama. Twiga kadhaa wakisimama wima wakielekeza nyuso upande mmoja, au swala pala wakitoa mlio mkali wa kukoroma, elekeza darubini huko kabla ya kuwasha gari.

Tano, chunga umbali. Tembo akitandaza masikio na kutikisa kichwa, rudi nyuma taratibu bila kupiga honi, na kamwe usijiingize kati ya mama na ndama. Dume anayetokwa na majimaji mashavuni huku mkojo ukimdondoka aachiwe njia nzima, hata kama ni wewe uliyetangulia kufika.

Mwisho ni bwawa la Silale, ambako nyati hukaa majanini na chatu wakati mwingine hujilaza mitini. Ni mbali na lango, na mwendo haupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa, basi anza kurudi mapema alasiri.